Saa saba mchana si saa ya kumtazama simba

Ndugu Mhariri,

Wageni wanaotoka kwenye bustani za wanyama msimu huu wana lalamiko moja: tumelipa kiingilio, simba amelala, chui haonekani, twiga kasimama kama mti. Vijana wengine huokota kokoto na kurusha ili simba aamke. Sisi watunza wanyama tunaomba nafasi tueleze, kwa sababu hapo aliyekosea si simba. Ni saa iliyochaguliwa.

Oktoba na Novemba hapa Dodoma jua la adhuhuri liko karibu na utosi, mvua hazijaanza, na joto hupita nyuzi 30. Simba hata porini hulala hadi saa 20 kwa siku, na mchana wa kiangazi ndio wakati wake wa kulala. Hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hupunguza joto kwa kuhema mdomo wazi. Ukimwinua kwa kokoto na kumkimbiza juani, unamzidishia joto asilo na njia ya haraka ya kulitoa. Ingia geti likifunguliwa na umalize kabla ya saa nne, au rudi saa kumi jioni. Walimu nao wapige hesabu: basi la wanafunzi likitoka Dodoma saa kumi na mbili asubuhi kwenda Hifadhi ya Mikumi, zaidi ya kilomita 300, linafika wakati kila mwenye manyoya kashajificha. Afadhali kulala Morogoro.

Hata hivyo, aliyekwisha kuingia mchana hajapoteza pesa yake, mradi ajue aangalie nini. Mtazame tembo nyuma ya sikio. Pale ngozi ni nyembamba na mishipa ya damu imetandaa. Damu ikipita huku sikio likipepea, inapoa kabla ya kurudi mwilini. Kwa hiyo tembo anayepepea masikio taratibu kivulini hana hasira. Wa kuogopwa ni yule aliyeyatandaza wima, kichwa juu, amekukabili. Mamba aliyeachama kando ya bwawa naye anatoa joto kupitia kinywa, wala hangoji mtu. Mbuni hutanua mabawa ili upepo upite kwenye ngozi tupu ya mapaja. Wale korongo wakubwa wenye kipara, wanaozoeleka majalalani, huonekana na miguu myeupe kama iliyopakwa chokaa. Hicho ni kinyesi chao wenyewe: wanakiachia miguuni makusudi, kinapokauka kinaondoka na joto. Watu wengi hudhani ndege anaumwa tumbo.

Kiboko ndiye anayezua maneno zaidi. Ule ute mwekundu mgongoni si damu. Ni kinga ya ngozi dhidi ya jua na vijidudu. Bwawa likipungua hadi mgongo ubaki nje mchana kutwa, ngozi hukauka na kupasuka, na hapo mgeni ana haki ya kuuliza. Choroa, yule swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizonyooka, ni kinyume chake kabisa. Akikosa maji huacha joto la mwili lipande kupita nyuzi 40 kuliko kupoteza maji kwa jasho, kisha hulitoa usiku. Si ajabu anaishi kwenye nchi kavu.

Sasa kwa wenye kufuga. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni hori la maji kuwekwa upande wa magharibi wa mti. Saa sita kivuli kiko chini ya matawi na kila kitu kinaonekana sawa. Saa tisa kivuli kimehamia mashariki na hori linachemka. Liweke mashariki ya shina. Tena yawe mahori mawili na vivuli viwili, maana kivuli kimoja ni cha dume mmoja, wengine watasimama juani. Bomba jeusi la plastiki lililolala juu ya ardhi hutoa maji ya moto kwanza. Yamwage kwenye mti mpaka yapoe, ndipo ujaze. Maji ya visima vingi vya huku yana chumvi, na yanapokauka juani chumvi hubaki, kwa hiyo hori lisuguliwe na maji yabadilishwe kila siku badala ya kuongezea juu ya yale ya jana.

Bati tupu juu ya banda ni kikaango. Wagogo walilijua hili zamani kwa tembe: paa la udongo mnene juu ya fito huchelewa kupitisha joto, na ndani hubaki na ubaridi mchana. Kwa banda la wanyama linafaa sana, ila udongo ni mzito, hivyo nguzo ziwe imara na nyufa zizibwe kabla ya mvua za Desemba. Asiyeweza, atandaze nyasi juu ya bati na aache uwazi juu ya kuta ili hewa ya moto itoke.

Kuhusu vyakula vya kurusha, tutasema kifupi. Swala, pofu na twiga hucheua. Mkate, ugali na biskuti huchacha haraka tumboni mwao, asidi huzidi, gesi hujaa, na mnyama anaweza kufa. Kifungashio cha plastiki kikimezwa huziba.

Kuhema peke yake si ugonjwa. Dalili za hatari ni mate kuchuruzika mfululizo, kuyumba, kulala juani wakati kivuli kipo, au mnyama aliyekuwa akihema kwa kasi kunyamaza ghafla bila kuamka. Usimmwagie chupa yako ya maji, usipige kelele, wala usiingize mkono kwenye wavu. Mwite mhudumu, umwonyeshe ni mnyama yupi na umweleze hali hiyo imeanza lini. Yeye atamlowesha miguu na tumbo kwa maji ya kawaida, si ya barafu, huku daktari wa mifugo akiitwa.

Watunza wanyama,
Dodoma