Lady Be Good: watu tisa wasisahaulike

Ndugu Mhariri,

Kila kisa cha Lady Be Good kinaposimuliwa, tunaambiwa habari za "ndege ya mizimu" iliyotua yenyewe katika jangwa la Libya, na kahawa yake ikakutwa bado yanyweka baada ya miaka 15. Ni kweli ilikuwa hivyo. Kinachoniuma ni kwamba watu tisa walioirusha hutajwa kwa sentensi moja tu.

Ndege hiyo ya Marekani ya kudondosha mabomu, aina ya B-24, iliondoka kambi ya Soluch, Libya, Aprili 4, 1943 kwenda kushambulia Naples, Italia. Kwa vijana wale ilikuwa safari ya kwanza ya vita. Wakirudi usiku, rubani William Hatton aliomba mwelekeo kwa redio. Mtambo wa kituoni ulionyesha mstari ilipo ndege, lakini haukuweza kutambua kama iko upande wa bahari au wa jangwa. Akajibiwa kana kwamba yu baharini bado, kumbe ameshaipita kambi. Wanaomlaumu mwelekeza njia, David Hays, wanamwonea.

Mafuta yalipokaribia kwisha waliruka kwa miavuli. Mwavuli wa John Woravka haukufunguka vizuri, akaanguka na kufa. Wanane wakashika njia ya kaskazini, wakiamini pwani i karibu. Ndege yao ilikuwa imelala kilomita 25 hivi kusini, ikiwa na maji, chakula na redio nzima. Jeshi likadhani wamezama Mediterania.

Rubani msaidizi, Robert Toner, aliandika kila siku katika kijitabu chake. Maji yalikuwa nusu chupa ya askari kwa wote. Kila mtu kifuniko kimoja kwa siku. Kwa mgawo huo walitembea kama kilomita 130! Watano walipolemewa, Shelley, Moore na Ripslinger walisonga mbele kuwatafutia wenzao msaada. Neno la mwisho la Toner ni la Aprili 12: msaada haujafika, usiku ni baridi kali. Miili ilianza kupatikana mwaka 1960. Wa Moore haujatambuliwa rasmi mpaka leo.

Mkikichapa tena kisa hiki, Mhariri, picha ya ndege iwe ndogo, majina yawekwe yote: Hatton, Toner, Hays, Woravka, Ripslinger, LaMotte, Shelley, Moore na Adams.

Msomaji wenu,
Tanga