Wrexham na Madalali wa Los Angeles, Wapi na Wapi?

Mhariri,

Kila Septemba ukurasa wenu wa burudani hutuletea washindi wa tuzo za Emmy za Marekani, na kila mara habari huanzia kwenye tamthilia ikaishia kwenye magauni. Vipindi vya maisha halisi na vya mashindano hupewa mstari mmoja chini kabisa, vikibahatika. Mimi ndivyo ninavyovitazama zaidi, na namna vinavyopangwa kwenye vipengele vya tuzo hizo ni vurugu tupu.

Chukua tuzo za 2023, zilizotolewa Januari 2024 kwa sababu ya migomo ya Hollywood. Kipengele cha vipindi vya maisha halisi visivyo na mpangilio maalumu kilikuwa na Welcome to Wrexham, kinachofuatilia klabu ya mpira ya Wales iliyonunuliwa na waigizaji Ryan Reynolds na Rob McElhenney. Humohumo kulikuwa na Selling Sunset, cha madalali wa majumba ya kifahari Los Angeles, na Indian Matchmaking, cha mshenga anayehangaika na wasifu wa wachumba. Kulikuwa na Vanderpump Rules pia, ambacho msimu wake ulimezwa na fumanizi moja lililozungumzwa Marekani nzima. Wrexham ikachukua tuzo, na 2024 ikachukua tena.

Sina kinyongo na Wrexham. Lakini msimu wake wa kwanza unafika kwenye nusu fainali ya kuwania kupanda daraja, Mei 2022: wako nyumbani, mabao yanapishana, halafu Grimsby inafunga la tano dakika ya 119 na mechi inakwisha 4-5. Mzee aliyesubiri miaka anabaki ameshika kichwa jukwaani. Hakuna mwandaaji awezaye kumwambia beki wa Grimsby, "Hebu rudia, kamera haikukuona vizuri." Kwa dalali aliyekaa mezani na mwenzake wakichambana, naamini hilo linawezekana kabisa. Kazi ya kwanza ni makala ya kumbukumbu, na Emmy ina vipengele vya makala. Basi iende huko.

Mgawanyo wa vyenye mpangilio na visivyo nao ulianza 2014. Kabla ya hapo vipindi hivyo vyote, ukitoa mashindano, vilikuwa kapu moja. Akademia ya Televisheni, inayotoa tuzo hizi, ikasema vyenye kiunzi kilekile kila wiki vikae fungu lao, na vile ambavyo hadithi inabebwa na matendo ya wahusika vikae fungu jingine. Kwenye karatasi inaeleweka. Mwaka huohuo, kwenye fungu la vyenye mpangilio, wakawekwa pamoja MythBusters wanaopima uvumi kwa majaribio ya kisayansi, Antiques Roadshow ambako watu hupeleka vitu vya kale kupimwa thamani, na Shark Tank ambako wajasiriamali wanaomba mtaji mbele ya matajiri. Shark Tank ikashinda, ikashinda tena mara tatu mfululizo hadi 2017. Najua kwa nini haihesabiwi kuwa mashindano: hakuna mchujo wala mshindi mmoja wa mwisho. Ila mtu anayeondoka pale mikono mitupu ukimwambia hakushindana na mtu, atakushangaa.

Kipengele cha mashindano chenyewe ndicho kikongwe, tangu 2003. The Amazing Race ilikichukua mara kumi katika miaka kumi na miwili ya mwanzo. Ni mbio za kuzunguka dunia, na Tanzania zimefika. American Idol, mashindano ya uimbaji yaliyoongoza kwa watazamaji Marekani misimu minane mfululizo, hayajawahi kukipata hata mara moja. Nadhani wapiga kura, ambao ni watu wa kazi hiyohiyo, walikuwa wanawapa pole wapiga picha waliokimbia na mizigo begani kutoka uwanja wa ndege hadi mwingine. Haki yao. Lakini ukiamua kwa ugumu wa kupiga picha, mwimbaji aliyesimama jukwaani atashinda lini?

Mimi ningegawa kwa swali moja: nani anaamua mshindi? Kwenye mbio anaamua atakayefika kwanza. Kwenye Top Chef, mashindano ya upishi, ni majaji wenye ulimi. Idris Sultan alipotwaa dola 300,000 za Big Brother Africa mwaka 2014, zilikuwa kura za watazamaji. Na kwenye The Traitors, kilichoshinda 2024 na 2025, washiriki wanatoana wenyewe kwa uongo ndani ya kasri la Uskoti. Mpishi na mwongo hawana mizani moja. Waingereza angalau wameliona hilo. Kwenye BAFTA, tuzo zao za filamu na televisheni, toleo lao la The Traitors lilishinda 2023 upande wa maisha halisi, na mashindano yao ya dansi, Strictly Come Dancing, yanawania upande wa burudani.

Tatizo lingine ni kwamba waandaaji ndio wanaopeleka kazi zao na kutaja kipengele, Akademia inabaki kukagua. Nani asiyechagua mlango wenye foleni fupi?

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Septemba ijayo chapisheni orodha nzima ya walioteuliwa kwenye vipengele hivi, pamoja na maelezo mafupi ya kila kipindi kinahusu nini. Magauni yanaweza kupunguzwa picha mbili.

Msomaji wenu,
Tanga