Shukrani kwa aliyetuchimbia kisima

Mbukwenyi, kama tusalimianavyo Wagogo. Ndugu yetu, umetuomba jina lako tusilitaje na tumekubali. Kunyamaza kabisa ndiko nilikoshindwa.

Huku Chamwino, mkoani Dodoma, mvua zikikatika Aprili, tunazisubiri mpaka Desemba. Miezi yote hiyo mama zetu walitoka saa 10 alfajiri kwenda korongoni, wakafukua mchanga, wakangoja maji yachuruzike, wakateka kata kwa kata hadi dumu la lita 20 lijae. Mama yangu ameifanya kazi hiyo tangu akiwa binti. Mgongo wake ni shahidi.

Wewe ulikuja msibani tu. Ukaletewa maji ya kunawa, ukauliza mbona yana rangi ya chai. Miezi michache baadaye ikaja mashine ya kuchimba, halafu pampu ya sola na tenki.

Kikaoni ulisema hutoi msaada, unalipa deni, kwa kuwa utajiri wako umetokana na alizeti ya wakulima kama sisi. Wazee waliinamisha vichwa. Waislamu wana zaka, Wakristo wana fungu la kumi, lakini tajiri kutamka mbele ya watu kwamba anadaiwa na wanyonge, mimi sijawahi kusikia. Natamani wenzako wanaopandisha maghorofa Dodoma mjini tangu Serikali ihamie wangekuwepo siku ile.

Kamati inakusanya fedha za matengenezo, kama ulivyoagiza. Mama anakusalimu sana. Siku hizi analala mpaka kuche.