Nebula ya Jabari: kutoka bamba la kioo hadi kamera ya dijitali

Ndugu Hamisi,

Nakushukuru kwa barua na kwa picha ya Nebula ya Jabari (Orion), lile wingu kubwa la gesi na vumbi angani. Unauliza wapigapicha wa enzi za filamu waliwezaje kuonyesha katikati yake, panapong'aa kupita kiasi, pasipo kompyuta.

Henry Draper, Mmarekani aliyeipiga picha kwanza mwaka 1880, aliridhika na sehemu angavu tu, kwa dakika 51. Tatizo lilikuja baadaye, mabamba ya kioo yaliyopakwa dawa ya kunasa mwanga yalipoanza kunasa mawingu hafifu ya pembeni, huku katikati pakigeuka doa jeusi kwenye negativu, ambako penye mwanga mwingi huwa peusi. David Malin, aliyefanya kazi katika kituo cha Siding Spring, Australia, tangu miaka ya 1970, alilitatua katika chumba cha giza. Alitengeneza nakala chanya ya bamba, yenye ukungu kwa makusudi, akavilaza vyote viwili pamoja na kuchapa picha kupitia humo. Bamba lilipokuwa jeusi, nakala ilikuwa nyeupe. Kwa hiyo tofauti kubwa za mwanga zilipungua, zikabaki nyuzi nyembamba za gesi ambazo nakala ile, kwa ukungu wake, haikuzibeba.

Programu unayoitumia hufanya hesabu hiyohiyo kwa sekunde chache. Ubora wa dijitali, kwa maoni yangu, uko kwingine. Filamu huzidi kuchoka kadiri mwanga unavyokuwa hafifu, hata watu wakawa wanaipasha moto ndani ya mchanganyiko wa naitrojeni na haidrojeni kabla ya kuitumia. Sensa haichoki: muda ukiongezeka maradufu, mwanga unaonaswa nao huongezeka maradufu. Tena ukijumlisha picha 100 na kutafuta wastani, chengachenga hupungua hadi sehemu moja ya kumi, na ile iliyopitiwa na setilaiti unaitupa bila majuto.

Hata hivyo filamu ya Kodak Technical Pan iliuona vizuri wekundu wa haidrojeni, katika nanomita 656, ambao kichujio kilichomo ndani ya kamera yako ya kawaida huuzuia kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana nebula yako imetoka na rangi ya waridi iliyofifia. Usijaribu kuiongezea wekundu kwa nguvu.

Nina lawama moja: umeisawazisha mno, hata nyota za Trapezium, lile kundi dogo la nyota angavu katikati ya nebula, hazing'ai kuliko mawingu ya pembeni. Nitumie faili ghafi, pamoja na picha za sekunde chache ulizopiga kwa ajili ya katikati, nizichakate upya.

Wako,
Idrisa