YAH: MASIZI YA MELI YENU NA DHARAU NILIYOFANYIWA MAPOKEZI

Meneja wa Tawi,
Dar es Salaam.

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dobi, nakaa Kurasini. Meli yenu ikifunga gati hainyamazi: jenereta zinanguruma usiku kucha kulisha taa, pampu na makontena ya baridi, na masizi yanatua kwenye kamba zangu. Sera yenu ya mazingira mnaijua, mmeitia fremu pale mapokezi. Meli zenu zikifika Los Angeles zinachomekwa umeme wa nchi kavu, jenereta zinazimwa. Kule ni sheria. Sisi huku mapafu yetu ni ya bati?

Jumatatu nilikuja kistaarabu na shuka la mteja mkononi. Afisa wenu alilishika kwa ncha za vidole, akacheka, akaweka sarafu ya mia tano kaunta: "Mama, kanunue sabuni."

Masizi yale yana mafuta. Ukisugua ndiyo yanatambaa. Shuka nimelilipa, mteja kashahamia kwingine. Na kabla ya hapo nilipiga simu nikaambiwa niandike; nimeandika, nikaambiwa nije.

Nilipoiacha ile mia tano, aliisukuma kwa kidole mpaka ikagusa mkono wangu. "Chukua bwana, inatosha." Foleni nzima inatazama, mlinzi anacheka. Kijana ambaye ningeweza kumzaa!

Msiniambie umeme wa meli na wetu haviingiliani, kwamba wa meli unapiga mara 60 kwa sekunde (Hz 60) na wetu 50. Mwanangu ni fundi umeme, anasema mitambo ya kubadilisha ipo. Göteborg kule Sweden wanachomeka meli tangu mwaka 2000, na hapa umeme upo: Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115. Kama gati haina pa kuchomeka, ombeni pajengwe, ninyi ndio wenye sauti. Kwa sasa chomeni mafuta safi: Ulaya meli ikiwa gatini salfa ndani ya mafuta haizidi asilimia 0.1. Hayo mafuta mnayanunua kule, hapa yanawashinda nini?

Nilikuwa nataka kuombwa radhi tu. Sasa nataka radhi kwa maandishi, fidia ya shuka na ya mteja niliyempoteza, na yule afisa aondolewe mapokezi. Siku saba zikipita kimya, naenda NEMC, wasimamizi wa mazingira. Wanawake wa mtaani nao wako tayari: tutakuja na nguo zetu zote tuzianike kwenye geti lenu, wateja wenu wapite chini yake.

Nakala: Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa.

Wenu,
Dobi wa Kurasini