Mpigie mama, shoga yangu

Triplicane, Chennai, India
Mei

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum. Hujambo? Shemeji na watoto hawajambo? Sisi alhamdulillahi. Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza, lakini haya nakuandikia maana siwezi kuyasema kwa simu. Chumba chetu ni kimoja na mama yuko pembeni saa zote.

Kwanza habari yenyewe: haturudi mwezi wa sita. Daktari ameongeza mizunguko ya kemo, ile dawa ya dripu, kila baada ya wiki tatu, halafu mionzi. Kwa hesabu zake ni mpaka Septemba, Mungu akipenda. Viza ya mama ya matibabu na yangu ya kumsindikiza tumeomba ziongezwe, hospitali imeshatoa barua. Hilo halininyimi usingizi. Linaloninyima ni jingine.

Mama hapigiwi simu.

Wote wananipigia mimi. "Mgonjwa anaendeleaje?" kwa sauti ya msibani. Nikisema huyu hapa mwenyewe, zungumza naye, nasikia "aa, mwache apumzike." Bi Somoe, ambaye alasiri ilikuwa haipiti hawajakaa wote kibarazani, anatuma dua za maandishi tu. Dua tunazipokea, Mungu amlipe. Lakini mama ana mdomo wake na masikio yake, na akili yake ni ile ile inayojua nani anadaiwa kwenye kikoba. Juzi kaniuliza kama ndoa ya mtoto wa Mzee Kombo imefungwa au bado. Sikuwa na jibu. Akasema, "Basi wameshanizika," akageukia ukutani. Mwanaidi, neno hilo halijanitoka moyoni mpaka leo.

Na usidhani huku ameshindwa kuishi. Tumehama ile nyumba ya wagonjwa karibu na hospitali, ilikuwa ghali na jiko moja mnagombania ghorofa nzima. Kupata chumba kulikuwa kazi. Mwenye nyumba akipokea mgeni wa nje lazima amwandikishe serikalini ndani ya saa 24, na wengi hawaitaki shughuli hiyo. Wengine hawataki nyama ipikwe ndani ya nyumba yao kabisa. Huyu tuliyempata ni mjane Mwislamu, Mtamil, na mtu wa watu. Yeye na mama hawana lugha hata moja ya pamoja. Hata kile Kihindi cha kwenye sinema hapa hakikufikishi mbali, watu ni Kitamil. Lakini wanakaa ngazini wakichambua mchicha na kunong'ona, sijui wanaambiana nini.

Msikiti Mkuu wa Wallajah uko karibu nasi, wa mawe, umesimama tangu 1795. Ramadhani, futari pale waliiandaa Wahindu, jamaa za Kisindhi. Wameifanya kazi hiyo miaka mingi, wanapika na kuwagawia Waislamu waliofunga. Nilimsimulia mama akaniambia niwaombee dua kila nikiswali. Naye mwenye nyumba alikuwa akituletea uji wao wa futari, wa mchele na dengu na vipande vya nyama.

Chakula ndicho kilichonitoa jasho mwanzoni. Sembe yetu hakuna, unga wa mahindi niliouona dukani ni wa njano, mama aliusonga mara moja akausukuma. Kumbe ulezi umejaa kila duka! Wanauita ragi. Na uji wake unauzwa barabarani kipindi hiki cha joto, baridi, umechanganywa na maziwa ya mgando, pembeni vitunguu vidogo na pilipili. Mama alimaliza kikombe, akaomba kingine. Mlonge nao wanautia kwenye mchuzi wa dengu, yale maganda marefu. Nguru wapo, wanaitwa vanjaram, ila sasa ni ghali. Kuanzia 15 Aprili mpaka 14 Juni boti kubwa zimezuiwa kuvua ili samaki wazaliane.

Joto siliwezi kulisimulia. Kuna siku za Mei mchana unavuka nyuzi 40. Jioni upepo wa bahari ukiingia tunakwenda Marina taratibu, tunanunua dafu, tunakaa mchangani. Halafu maua. Asumini, Mwanaidi, kila kona! Muuzaji anaufuma uzi hapo hapo na kuuza kwa dhiraa, anapima kutoka kiwiko chake mpaka ncha za vidole. Mama akamsimamisha, akanyoosha mkono wake mwenyewe, mrefu zaidi, kwamba apime kwa huo. Yule muuzaji alicheka mpaka akashika ubavu, na akapima kwa mkono wa mama kweli. Nywele za kutia asumini kwa sasa hazipo, kwa hiyo anaitandaza kwenye mto kama alivyokuwa akifanya nyumbani.

Sasa niambie, mtu anayecheka na muuza maua asiyejua jina lake, Tanga wanamwonea huruma ya nini? Wanaogopa kumsikia? Sauti yake haijabadilika.

Nakuomba uanze wewe. Usinipigie mimi, mpigie yeye, WhatsApp yake ni ile ile. Huku tumewatangulia kwa saa mbili na nusu, kwa hiyo saa kumi alasiri ya huko ndiyo nzuri. Siku ya dripu na mbili zinazofuata ziache, nitakuwa nakujulisha. Usianze na ugonjwa. Anza na kikoba, bei ya nazi, nani kagombana na nani. Kisha nenda kwa Bi Somoe, kaa naye, piga mwenyewe na umtie simu sikioni. Nadhani anaogopa kulia. Akilia na alie, mama atamnyamazisha, si unamjua.

Mtoto wa Mama Rehema akija mwezi ujao mpe sembe kilo mbili na udi kidogo. Dagaa wakipatikana wakavu sana, weka.

Paa la jikoni mlilitazama masika hii, au limevuja tena? Nasra anakuja kwako Jumamosi kama tulivyopatana? Anakula? Ada ya muhula, mjomba kailipa au kasema tu? Na hiyo ndoa ya kwa Mzee Kombo, imefungwa? Mahari yalikuwaje, walivaa nini, nani hakualikwa? Hayo ya ndoa usiniandikie mimi. Mama anayasubiri.

Salamu kwa wote wa kibarazani.

Wako,
Saumu