Nani atamalizia? Barua ya wazi kwa mabinti zangu wa mbio za Jumamosi

Wanangu,

Shikamoo zenu nimezipokea kwenye simu. Marahaba wote, hata nyinyi mliosalimia huku mmenuna.

Nimesoma kila kilichoandikwa kwenye kikundi tangu Jumamosi ile. Sikujibu kwa sababu vidole vyangu ni vizito; kila nikimaliza sentensi moja, nyinyi mmeshatupiana kumi. Ndiyo maana nimeamua kuandika barua, na ninaiweka wazi ili mama zenu nao waisome, kwani baadhi ya maneno yale nayajua yalikopikwa.

Kwa wasiokuwepo: mwezi Juni kuna mbio za timu, watu wanne wanapokezana. Tulikaa kupanga nani aanze na nani amalizie, na pale kwenye kumalizia ndipo moto ulipowaka. Mmoja wa wakubwa akasema hawezi kumkabidhi jasho lake mtoto wa juzi. Watoto wa juzi wakasikia, wakavaa makoti yao wakaondoka. Na yule mwenzenu aliyejifungua mwaka jana mkamwambia apumzike kwanza, ajiangalie. Sauti ilikuwa ya huruma, lakini naye si mjinga. Jioni ile akajitoa kwenye kikundi bila kuaga.

Nami nikakumbuka habari za Kikkan Randall, bingwa wa mbio za nyika za skii, vile vibao virefu vya kutelezea kwenye theluji.

Jina mmelisikia. Wawili wenu mnasoma East, shule aliyosoma yeye hapa hapa Anchorage, Alaska, na njia za bustani ya Kincaid tunazokimbia kiangazi yeye alizipita kwa skii kipindi cha baridi. Alizaliwa Utah tarehe 31 Desemba 1982, akalelewa huku kwetu. Shangazi yake Betsy Haines na mjomba wake Chris Haines walikwenda Olimpiki kwa mbio za nyika za skii. Lakini yeye alianza kama nyinyi, alikuwa mkimbiaji, na skii za nyika alizishika sekondari kama mazoezi ya kumweka sawa wakati njia zimefunikwa na theluji. Kwa hiyo yule anayeniambia kila mwaka kwamba skii ni za wenyeji na mbio ni zetu, anajinyima mwenyewe miezi sita ya mazoezi. Hilo nimelisema kando, tuendelee.

Mimi nilipofika mji huu nilidhani mtu wa skii anabebwa na theluji tu, yeye kazi yake ni kutoanguka. Kisha siku moja nilimpeleka abiria Kincaid, nikaegesha basi, nikasogea kutazama. Nikaona wasichana wanapanda kilima kwa fimbo na miguu, povu mdomoni, jasho linaganda kwenye nyusi. Zile zilikuwa mbio fupi. Njia yake ni kama kilomita moja na nusu, yenye vilima. Kwanza kila mmoja anashindana na saa peke yake. Katika mashindano makubwa 30 bora ndio wanaobaki. Baada ya hapo ni robo fainali, sita sita, wawili wa mbele wanapita, na kati ya walioachwa wanachukuliwa wawili wenye muda mzuri. Kisha nusu fainali, kisha fainali. Anayetwaa ubingwa amekimbia mara nne siku moja, kila mara dakika tatu hivi za kutoa roho. Chukueni mita 1000, mzikimbie kwa nguvu zote mara nne kabla jua halijazama, na mikono nayo ifanye kazi kama miguu. Hapo mtakuwa mmeanza kuelewa.

Mbio hizo ziliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza mwaka 2002, Salt Lake City, na Randall alikuwamo, binti wa miaka 19. Alikuwa wa 44. Miaka minne baadaye, Torino, akawa wa tisa, na hakuna mwanamke wa Marekani aliyekuwa amewahi kufika juu kiasi hicho katika mbio za nyika za skii za Olimpiki. Desemba 2007 akashinda mbio za Kombe la Dunia kule Rybinsk, Urusi. Miezi michache tu mbele, damu ikamgandia mguuni, akalazwa. Mwaka 2009, Liberec, akarudi na medali ya fedha ya mashindano ya dunia. Kisha ikaja misimu mitatu mfululizo, 2012, 2013 na 2014, ambayo tufe la kioo la bingwa wa mbio fupi wa msimu mzima lilikuwa lake.

Mkisoma hivyo haraka haraka mtaona ngazi inayopanda tu. Mimi nilikuwa hapa mjini, na ninawaambia kwamba wakati mwingi watu hawakujua hata yuko nchi gani. Wazungu wa Ulaya ya kaskazini huzaliwa na mchezo huu, wanautazama kwenye televisheni kama sisi tunavyotazama mpira. Yeye alikuwa Mmarekani, na ilifika wakati alikuwa mwanamke pekee katika kikosi cha taifa cha skii za nyika. Hebu fikirini kwenda mashindanoni majira yote ya baridi, nchi baada ya nchi, miongoni mwa watu ambao timu zao zina magari ya nta ya kupaka skii na wapishi, na wewe huna msichana mwenzako wa kukusukuma mazoezini.

Mtu aliyekaa peke yake hivyo ana njia mbili mbele yake. Anaweza kuuzoea upweke mpaka akaufanya cheo: mimi ndiye wa kwanza, mimi ndiye pekee, atakayekuja apite kwangu. Nimewaona watu wa namna hiyo makanisani, misikitini, hata kwenye vyama vyetu vya kuzikana. Randall alikwenda njia nyingine. Wasichana wadogo walipoanza kuingia kikosini aliwapokea. Akawa anafanya nao mazoezi, hapa Alaska pia, ambako timu yake ya Alaska Pacific University ilikuwa ikipanda kwa helikopta kiangazi kwenda kwenye mto wa barafu wa Eagle Glacier, ili wapate theluji wakati sisi huku chini tunavuna viazi. Alipaka nywele rangi ya waridi. Timu nzima ikavaa soksi ndefu za mistari siku za mbio za kupokezana, kama watoto wa chekechea, na mwaka 2012 kule Gällivare, Sweden, wanawake wanne wenye soksi hizo wakashika nafasi ya tatu katika mbio za Kombe la Dunia. Halikuwa jambo la kawaida kwa timu ile.

Mmoja wa wanne hao alikuwa Jessie Diggins, wa Minnesota, aliyezaliwa 1991. Mtoto wa juzi, kwa lugha yenu.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo nilipotaka kuwafikisha. Kuna mbio fupi za wawili. Mmoja anazunguka mara moja, anamgusa mwenzake kwa mkono, mwenzake anazunguka, hivyo hivyo mpaka kila mmoja amepata zamu tatu. Mwaka 2013, Val di Fiemme, Italia, Randall na Diggins walishinda ubingwa wa dunia wa mbio hizo. Diggins alianza, Randall akamalizia, kama ilivyotarajiwa, mkubwa ndiye bingwa, mkubwa ndiye wa kuvuka mstari.

Mwaka mmoja baadaye, Olimpiki ya Sochi, Randall alikwenda akitajwa kila mahali kuwa ndiye wa kuogopwa. Alitoka robo fainali, kwa tofauti ndogo kuliko kope kupepesa. Amefanya kazi miaka yote ile, na yote yanakwisha mchana mmoja. Nilidhani basi, ameshamaliza.

Aprili 2016 akajifungua mtoto wa kiume. Nawaomba nyinyi wakubwa msome sentensi hiyo tena, kisha mkumbuke mlichomwambia mwenzenu. Februari 2017, mtoto hajatimiza hata mwaka, mama yake alipata medali ya shaba ya mbio fupi katika mashindano ya dunia, Lahti, Finland. Wala hakuwa peke yake: Marit Bjørgen wa Norway alikuwa amejifungua Desemba 2015, naye akarudi akatoka Olimpiki ya 2018 akiwa na medali 15 kwa jumla. Hakuna aliyewaambia wajiangalie kwanza. Au kama aliwaambia, hawakumsikia.

Basi ikafika Pyeongchang, Februari 2018, Olimpiki yake ya tano. Miaka 16 tangu ile nafasi ya 44, na bado hana medali ya Olimpiki. Huku kwetu ilikuwa usiku wa manane. Nilikuwa nimekaa na chai yangu, mke wangu ananiuliza kama nimepata ugonjwa. Mbio za wawili, na mpangilio nikaukuta umegeuzwa. Randall anaanza. Diggins anamalizia.

Najua, makocha ndio hupanga. Lakini mtu anaweza kupangiwa na akanuna, tena akanuna kwa miguu, akakimbia kwa asilimia 90 ili dunia ione kwamba angepewa ile ya mwisho ingekuwa vingine. Nimefundisha watu, naijua hiyo. Tazameni Randall zamu zake tatu. Walioanza pamoja naye walikuwa Bjørgen mwenyewe na Charlotte Kalla wa Sweden, ambaye michezo ile ile alikuwa ameshachukua dhahabu. Kazi yake haikuwa kuwashinda. Kazi yake ilikuwa kutoachwa, zamu ya kwanza, ya tatu na ya tano, mpaka amguse Diggins, migongo ya wale wawili ikiwa bado karibu. Miaka 35, mama wa mtoto, bingwa wa misimu mitatu, anakimbia mbio ambazo akizifanya vizuri kabisa hakuna atakayezikumbuka.

Kilichofuata mmekiona kwenye simu zenu. Diggins dhidi ya Stina Nilsson wa Sweden na Maiken Caspersen Falla wa Norway, kona ya mwisho anazungukia kwa nje, mstari umekaribia, ananyoosha mguu. Tofauti na Sweden ilikuwa sekunde 0.19. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Marekani katika historia ya skii za nyika za Olimpiki. Kabla ya hapo walikuwa na fedha moja tu, ya Bill Koch, 1976. Picha inayoonyeshwa mpaka leo ni ya Diggins amejirusha kwenye mstari. Randall hayumo. Anakuja baadaye kidogo, anakimbia, anamwangukia mwenzake kwenye theluji. Mimi hiyo ya baadaye ndiyo niipendayo.

Mei mwaka ule ule akaambiwa ana saratani ya matiti. Alitibiwa hapa Anchorage, na Novemba 2019 akakimbia marathoni ya New York kwa saa 2 na dakika 55. Hilo sina cha kuliongezea.

Sasa nina deni moja la kulipa kabla sijafunga barua, maana mzee anayekemea bila kujitaja huwa anaficha kitu.

Nilikuwa kidato cha nne, kiranja wa michezo, na tulikuwa na mbio za kupokezana vijiti za mita 400 kwa wanne. Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili, anakimbia pekupeku, ana kasi kunizidi. Nilijua. Shule nzima ilijua. Mwalimu akaniachia nipange, nami nikajipa zamu ya mwisho kwa sababu wazazi walikuwa wanakuja. Yule kijana akanipa kijiti tukiwa mbele kwa hatua kumi nzuri. Nikapitwa na watu wawili. Kwa miaka zaidi ya 50 nimekuwa nikisimulia kwamba kijiti kiliniteleza mkononi, hata wajukuu wangu wanaijua hadithi hiyo, wanaicheka. Leo naandika kwa mara ya kwanza: kijiti hakikuteleza.

Yule kijana hakukimbia tena na sisi. Alikwenda kwenye mpira. Sikumwomba radhi, na sasa sijui nimtafute wapi.

Kwa hiyo hivi ndivyo tutakavyofanya. Jumamosi hii saa tatu asubuhi, Kincaid, pale pale kwenye maegesho. Aliyejifungua aje na mtoto; mimi nitamshika wakati mama anakimbia, nimelea saba, siogopi. Nyinyi mliovaa makoti mkaondoka, rudini, na msisubiri kubembelezwa sana kwa sababu simu yangu haina chaji ya kutosha. Mkubwa aliyesema neno lile, wewe mwenyewe unajijua. Wiki hii mpigie yule binti mdogo, mwambie jinsi unavyopanda kile kilima cha pili bila kuvunjika pumzi. Umeificha mbinu hiyo muda mrefu, nimekuona.

Nitaleta maandazi, chupa mbili za chai, na karatasi yenye mistari minne. Ule wa kumalizia nitauacha wazi mpaka mwisho. Tutaanza kwa kuandika jina la atakayeanza, na mkubwa wenu ndiye atakayeshika kalamu.

Mkimkuta njiani yule mnyama wanayemwita moose, mkubwa kama pofu wa kwetu, msimpige picha. Mpisheni.

Babu yenu wa basi,
Anchorage